Transfoma ya tani 58, Malaba hadi Lira: shajara ya vibali na barabara

Jumatatu, 3 Novemba 2025. Kampala

Kazi imekuwa yetu rasmi leo. Transfoma moja, ya kushusha umeme kutoka kilovolti (kV) 132 hadi 33, MVA 40, inashuka melini Mombasa katikati ya Januari, na mwenye mali anataka iwe imeshakaa juu ya msingi wake wa zege, nje kidogo ya jiji la Lira, kabla mvua za Machi hazijashika. Mafuta yalitolewa kiwandani. Redieta, bushingi na tangi la akiba vimevuliwa, vitakuja nyuma kwenye malori ya kawaida. Kinachobaki ni tumbo la chuma: tani 58, upana mita 3.2, kimo mita 4.05. Haligawanyiki tena, na hilo lazima liandikwe kwenye barua ya kwanza na mtengenezaji athibitishe, maana mzigo unaoweza kugawanywa hauandikiwi kibali. Utaambiwa ulete malori mawili.

Mwaka jana kijana mmoja wa ofisini aliniuliza kibali cha mzigo mkubwa kinapatikanaje. Nikamjibu, "Unaomba." Akaniamini, maskini. Safari hii naandika kila kitu, asome mwenyewe.

Upande wa Kenya wenzetu wa Mombasa wanashughulika na KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za huko. Mimi naanzia Malaba, mpakani, pa kuingilia Uganda.

Jumanne, 11 Novemba

Njia. Kila mtu mezani alianza na ile anayoijua: Malaba, Bugiri, Iganga, Jinja, Kampala, Luwero, Karuma, Kamdini, Lira. Ni lami safi, mizani zipo, gereji zipo. Lakini hesabu kwa kidole: unavuka Nile Jinja, unapenya Kampala au pembeni yake, halafu unavuka Nile tena Karuma. Daraja la Jinja ni jipya, lilifunguliwa Oktoba 2018, lina mita 525 na linaning'inia kwa nyaya. La Karuma ni la 1963, na wote tunakumbuka lilivyofungwa Septemba 2024 kwa matengenezo mpaka Desemba, malori yakazunguka huku na huko kama kuku aliyekosa kiota.

Mzee, dereva wetu mkuu, alikuwa kimya muda wote anakoroga chai. Mwishoni akasema, "Kwani Lira haina mlango wa mashariki?" Unao. Malaba, Tororo, Mbale, Kumi, Soroti, Dokolo, Lira. Kama kilomita 285 badala ya 550 na ushei, na Nile huioni hata mara moja, kwa sababu unapita mashariki ya Ziwa Kyoga. Kinachokungoja huko ni mito midogo, vinamasi, na daraja la Awoja kabla ya Soroti. Nilikuwa nimeiweka njia hiyo ya tatu kwenye orodha yangu. Sasa ni ya kwanza, na orodha nimeichana.

Jumatano, 19 Novemba

Ombi letu limerudi. Kosa ni letu, na aliyelirudisha alikuwa na haki.

Tangu UNRA, mamlaka ya barabara kuu za Uganda, ivunjwe, mwisho wa 2024, barabara kuu za taifa zimerudi chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, kwa hiyo ombi linaelekezwa huko. Kipimo ni kile cha Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya 2013: ekseli ya usukani tani 8, ekseli moja ya tairi nne tani 10, mbili zilizopakana 18, tatu 24, na gari zima lisizidi tani 56. Sisi mzigo peke yake ni 58. Kwa hiyo hakuna anayebishana kama kibali kinahitajika. Kinachobishaniwa ni uzito utaugusaje udongo.

Nilikuwa nimeomba trela la haidroli la laini sita, yaani safu sita za ekseli. Kila laini, tairi nane, ina uzito wake wa tani 3.5, jumla 21. Mzigo 58, kichwa cha lori 11: tani 90. Shingo la trela linamtwisha kichwa tani 14.8, hapo ekseli zake za nyuma zinafika 18 na usukani 7.8, amejaa. Zinabaki 64.2 juu ya laini sita. Tani 10.7 kila laini.

Injinia wa Wizara alizungushia hiyo 10.7 wino mwekundu, akaandika pembeni kwa mkono: "Laini nane." Basi. Hakuongeza neno.

Nikarudia hesabu. Laini nane zina uzito wa tani 28, gari zima linapanda hadi 97. Unaongeza tani saba ili uwe mwepesi! Mwenye mali alipoona hivyo alidhani tumelewa. Lakini kwenye laini sasa zinabaki 71.2, gawa kwa nane, ni 8.9. Na majaribio ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, 1958 hadi 1960, yalionyesha kwamba lami haiumii kwa mstari ulionyooka. Madhara yanapanda karibu kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya 10.7 inaumiza lami kama mara mbili ya ekseli ya 8.9. Ukijumlisha zote, laini nane zinaumiza kidogo kuliko sita, ingawa gari ni zito zaidi.

Kwa daraja mambo ni mengine kidogo, na hapa ndipo nilipojifunza kitu. Daraja refu linabeba gari zima kwa pamoja, kwa hiyo linahesabu ile 97. Kalvati na daraja fupi havilioni gari zima, vinaona kipande kilichopo juu yao tu. Laini sita zinakaa kwenye mita 9: tani 7.1 kwa kila mita. Laini nane zinakaa kwenye mita 12: tani 5.9. Njia yetu ya Soroti imejaa kalvati na madaraja mafupi, haina daraja la mita 525. Yule injinia aliliona hilo kwa kusoma jina la njia tu.

Ombi jipya limeenda leo jioni, pamoja na mchoro wa ekseli, umbali kati ya laini na laini, barua ya mtengenezaji, bima na nambari za gari. Trela la laini nane linakodiwa ghali. Mwenye mali amekubali, kwa kununa.

Ijumaa, 5 Desemba. Lira

Siku nne za kupima njia. Pikapu moja, fito ya faiba imefungwa mbele wima, ncha yake mita 5.4 kutoka chini. Mzigo juu ya trela utafika mita 5.2 na kidogo, tunaongeza nafasi ya usalama. Fito ikigonga waya inalia "ting" ndogo, kama kijiko kwenye glasi. Kijana wa nyuma anaandika kilomita, anapima kwa leza, anapiga picha. Mpaka Mbale tulisikia mara nne. Mpaka Lira mara thelathini na moja.

Barabarani kwenyewe hakuna shida. Waya za kV 33 na 11 zinazokatiza barabara zina kimo cha kutosha, isipokuwa chache zilizolegea. Tatizo ni senta. Penye maduka kumi na kinu kimoja cha kusaga, mtu amevuta waya kutoka nguzo ya ng'ambo kwenda kwenye saluni, mwenzake kaunganisha juu ya huo, na waya wa spika za kanisa unapita katikati. Mwenye senta hajui ni wa nani. Shirika la umeme halijui ni wa nani. Mita 5.0, mita 5.1.

Na ni senta hizo hizo zenye matuta barabarani. Trela letu la haidroli tunaweza kulishusha sentimita 30 na kupita chini ya waya. Ila ukilishusha, tumbo linakaribia lami, na hapo mbele kuna tuta. Ukiliinua kwa ajili ya tuta, umeupata waya. Mzee anasema mwenye senta aliyeweka tuta chini ya waya alikuwa anatungoja sisi toka zamani. Nimeweka alama nyekundu sehemu tano ambazo vyote viwili viko ndani ya mita ishirini. Hapo hatushuki. Hapo waya ndio utainuliwa.

Mbale mjini kuna mzunguko mmoja ambao trela, mita 23 na kichwa chake, halizunguki kwa upande wake wa kawaida hata fundi akiongoza tairi za nyuma kwa rimoti. Tutapita upande wa wanaokuja, mita sitini, barabara imefungwa. Nimeuchora kwa chaki kwenye lami saa kumi na moja alfajiri na mlinzi wa benki akinitazama kwa tochi.

Awoja tulisimama saa nzima. Nimepiga picha kila ungio la daraja na kila mahali zege lilipobanduka, na karatasi yenye tarehe ndani ya picha. Baada ya kupita tutapiga tena, ili ufa wa zamani usije ukawa wetu.

Kisha nikafanya uvivu. Njia ya kuingia kwenye mradi inaacha lami na kushika marramu, kilomita tatu hivi. Jua lilikuwa linazama, askari wa getini akasema kwenye simu barabara ni nzuri, malori ya saruji yanapita kila siku. Nikageuza pikapu.

Alhamisi, 18 Desemba

Kibali kimetoka. Masharti yake, kwa ufupi: mchana tu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Polisi mbele na nyuma pamoja na gari zetu mbili za kuongoza. Mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa kwenye lami, na kwenye madaraja yaliyotajwa ni mwendo wa mtu anayetembea, gari lipite peke yake, katikati ya barabara, bila kushika breki wala kubadilisha gia juu ya daraja. Uzito upimwe kabla ya kuanza na karatasi iwe ndani ya gari.

Kijana wa ofisini aliuliza kwa nini katikati. Ukipita pembeni, boriti za upande huo zinabeba karibu zote peke yao. Katikati zinagawana. Na breki ukiishika, tani 97 zinazosimama zinalisukuma daraja mbele kwa mlalo, kitu ambacho halikipendi.

Kibali kina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ni yetu kuilinda.

Ijumaa, 9 Januari 2026

Hakuna kinachotembea. Uchaguzi mkuu ni Alhamisi ijayo, tarehe 15, na mtu mwenye akili haendi kuomba gari mbili za polisi kwa ajili ya transfoma wiki hii. Tulilijua hilo toka Novemba, ndiyo maana tarehe za kibali zimeanzia Februari. Mwenye mali alitaka Januari. Nilimwambia, "Bwana, Januari hii barabara ina mwenyewe." Hakucheka.

Nimezitumia siku hizi kuwaandikia UEDCL, shirika lililochukua usambazaji wa umeme kutoka kampuni ya Umeme tangu Aprili 2025, orodha ya sehemu thelathini na moja kwa kilomita, kimo na picha. Wamejibu vizuri: kundi la mafundi litatangulia mbele yetu saa moja, na sehemu mbili umeme utakatwa kwa tangazo. Nyaya zisizo zao wamezitia alama ya kuuliza. Hizo ni zetu.

Alhamisi, 22 Januari. Lira

Nimekuja kumaliza uvivu wangu wa Desemba, na umenilipa.

Kilomita moja na nusu kutoka lami kuna kalvati. Pete za zege za sentimita 90, juu yake udongo usiozidi sentimita 30, na pete ya kando imepasuka mdomo. Malori ya saruji yanapita kila siku, kweli. Lori la saruji si sisi. Na jambo ambalo lilinitoa jasho zaidi: hiyo si barabara kuu ya taifa. Kibali changu chote kizuri kinaishia pale lami inapoishia. Kuanzia hapo mwenye barabara ni serikali ya mtaa, na hakuna aliyemwandikia.

Nimeenda kwa injinia wao bila miadi, nikavua kofia. Nimemweleza yote pamoja na kwamba nimechelewa. Alinitazama, akachukua pikipiki yake, tukaenda wote. Akaingia ndani ya kalvati kwa magoti na tochi mdomoni, shati jeupe. Alipotoka akasema tunaweza kupita kama tutaongeza udongo wa juu ufike sentimita 80 na kuushindilia, tuweke mabamba ya chuma juu yake, na baadaye turudishe barabara ilivyokuwa na tubadilishe ile pete iliyopasuka kwa gharama yetu. Udongo ukiwa mnene, uzito wa tairi unatawanyika kabla haujafika kwenye pete. Barua yake ameahidi kuitoa Jumatatu. Pete moja ya zege kwa kosa langu lile, nimetoka salama.

Ijumaa, 30 Januari

Mombasa wameshapakia. Minyororo imepangwa ihimili 0.8 ya uzito kuelekea mbele na 0.5 pembeni na nyuma, mpira wa kuzuia kuteleza umetandikwa chini, chuma juu ya chuma hakuna. Pedi za kupimia zimeonyesha 8.8 hadi 9.0 kwa laini. Usukani 7.7. Nimezitazama namba hizo kama mtu anayetazama picha ya mtoto wake.

Jumapili, 8 Februari. Malaba

Limefika jana saa tisa alasiri, nyuma ya foleni ya malori ambayo sikuiona mwisho wake. Forodha karatasi zilikuwa zimetangulia, tumeruka sehemu kubwa ya kelele.

Juu ya tumbo la transfoma kuna geji ndogo. Ndani mafuta hayamo, kuna hewa kavu iliyosukumwa kwa shinikizo dogo, ili kama kuna tundu, hewa itoke badala ya unyevu kuingia. Mombasa ilisoma bar 0.20. Hapa, alfajiri ya baridi, 0.30. Kijana wa usiku alinipigia simu saa kumi na moja, sauti inatetemeka: "Bosi, kuna mtu ameongeza gesi." Hakuna aliyeongeza. Mombasa iko usawa wa bahari, Malaba iko juu zaidi ya mita 1,100. Hewa ya nje huku ni nyepesi, na geji inasoma tofauti ya ndani na nje. Mchana chuma kikipata jua itafika 0.38, jioni itashuka. Ikishuka asubuhi mbili mfululizo kwa joto lile lile, hapo ndipo unapiga simu. Nikamwambia alale. Mimi sikulala.

Jumatatu, 9 Februari. Mbale

Tororo na lile jiwe lake kubwa, malori ya saruji yamejipanga yakitupisha. Kilomita sitini na kitu kwa saa tano. Adui wa leo ni boda. Anaiona gari ya kuongoza imepita, anaona nafasi, anaingia kati yake na kichwa cha lori, na abiria wawili na gunia la makaa. Afande wa mbele alishuka mara tatu. Mara ya tatu alichukua ufunguo wa pikipiki, akautia mfukoni, akaenda nao mpaka tulipopita, akaurudisha kwa mkono wa mtoto wa shule.

Mzunguko wa Mbale umechukua dakika kumi na moja. Chaki ya Desemba ilikuwa imefutika, lakini Mzee alipita palepale.

Jumanne, 10 Februari. Soroti

Mjini Kumi barabara nzima ilikuwa machungwa. Marundo na marundo, akina mama wameyapanga mpaka ukingoni mwa lami, na upana wetu na ngazi za trela unahitaji ukingo huo. Polisi wakaanza kupaza sauti kwa Kiswahili, "Ondoa! Ondoa!" Nikamwona mama mmoja wa makamo uso umebadilika. Kwa umri wake Kiswahili cha mtu mwenye sare si lugha ya biashara, ni cha miaka ile ya vita na wanajeshi. Fundi wetu wa gari la kuongoza ni Mteso. Akashuka, akamsalimia mama kwa Kiteso, akachutama, akaanza kusogeza machungwa mwenyewe moja moja kwenye beseni. Ndani ya dakika tano watu ishirini wanasogeza. Tumenunua magunia mawili, hatukuwa na jinsi.

Awoja saa nane mchana. Magari yamezuiwa pande zote. Mzee ametia gia ya chini kabisa kabla ya daraja, akaiacha hapo. Fundi wa haidroli anatembea pembeni na rimoti kifuani, macho kwenye geji zake za shinikizo, midomo inasoma kitu, nadhani ni dua. Mimi niko upande wa pili chini, nimelala kifudifudi nikitazama ungio. Unategemea kelele. Hakukuwa na kelele. Injini inanguruma mbali, tairi zinabana vumbi, na kila laini inapopita juu ya ungio unasikia "tup", mara nane, kwa nafasi sawa. Ndege weupe wa kinamasi hawakuruka hata mmoja. Dakika nne. Nikapiga picha zangu zote tena. Ufa ule ule, urefu ule ule.

Jumatano, 11 Februari. Kilomita nne kabla ya njia ya marramu

Kati ya Otuboi na Dokolo, senta ambayo kwenye orodha yangu haina waya. Sasa unao. Mtu amefungua duka la kuchaji simu mwezi Januari, na waya wake uko mita 4.7 na tuta liko chini yake, jipya pia, bado lina rangi. Msafara umesimama, mabasi ya kwenda kaskazini yanapiga honi nyuma, jua linakwenda. Mafundi wa UEDCL walikuwa wameshatangulia. Mwenye duka hayupo, amekwenda mazikoni.

Mzee wa senta, kofia ya kufuma na fimbo, alikuja kuuliza tumebeba nini. Vijana walikuwa wameshamwambia ni kifaru cha jeshi kimefunikwa. Nikamwonyesha picha ya transfoma kwenye simu, nikamwambia, "Mzee, ni kitu cha kuleta umeme." Akaiangalia sana. "Sasa umeme unazuiwa na umeme?" Akamtuma mjukuu wake apande juu ya paa na mti wenye panda, mpira umevikwa kwenye panda baada ya kuhakikisha swichi ya dukani na ya kwenye nguzo zimezimwa na fundi wetu amepima kwa kifaa chake. Waya ukainuka, tumepita tuta kwa kimo kamili. Dakika hamsini zimekwenda. Tumeegesha saa kumi na mbili kasoro tano. Afande alikuwa anaangalia saa yake, na mimi yangu.

Orodha ya waya ya Desemba haifai Februari. Wiki moja kabla, pita tena. Kijana, liandike hilo mkononi.

Ijumaa, 13 Februari

Udongo wa kalvati umeshindiliwa siku mbili. Mabamba manne, kila moja mita 6 kwa 2, unene milimita 25, tani mbili na ushei, yametandikwa na lori la kreni. Yule injinia wa shati jeupe alikuja, safari hii na ovaroli, akajilaza upande wa mtoni na tochi yake wakati tunapita. Alipoinuka alionyesha dole gumba na kuondoka kabla ya soda.

Saa sita na robo tumeingia getini. Askari wa getini ni yule yule wa simu ya Desemba. Akaniambia, "Si nilikwambia barabara ni nzuri?"

Jumatatu, 16 Februari

Kushusha. Trela limeegeshwa sambamba na msingi, jeki nne za tani 50, reli mbili, mafuta ya kulainisha. Unainua sentimita tano, unaweka mbao, unainua tena, unaweka mbao. Hakuna anayezungumza isipokuwa anayehesabu. Saa kumi jioni limekaa kwenye alama zake za rangi.

Vinasa mtikisiko viwili vimefunguliwa mbele ya mtu wa mtengenezaji. Kikomo ni 3 g, mara tatu ya nguvu ya mvutano wa dunia. Kikubwa chetu ni 1.1 g, Jumanne saa tano asubuhi. Nimelinganisha na daftari: tuta, kabla ya Kumi. Mzee ameikana kabisa. Geji imesoma 0.30 asubuhi zote nne.

Ijumaa, 20 Februari. Lira

Trela tupu nalo lina upana wa kuhitaji kibali, jambo ambalo watu huwa wanalisahau wakishapiga picha za ushindi. Chetu cha kurudi kilikuwemo kwenye ombi lile lile, limeondoka asubuhi. Fundi wa haidroli ameondoka nalo ana haraka. Ramadhani imeanza na amemwahidi mkewe futari ya Jumapili iwe Mombasa. Nimemwambia kwa kilomita 40 kwa saa futari hiyo itakuwa ya Jumapili ijayo.

Pete mpya ya kalvati imewekwa jana, udongo umerudishwa, injinia wa serikali ya mtaa ametia sahihi. Mabamba matatu yamerudi kwa mwenyewe. La nne liko kwenye mtaro mbele ya duka la mtu, limekuwa daraja lake, na ana watoto wadogo wanaovuka juu yake kwenda shule. Naenda kuzungumza naye mchana.